Timu ya Nne

Nyumbani kwa dada yangu, kabla hujatia sukari kwenye chai, unaichungulia kwanza. Siku moja sikuchungulia. Nilikoroga, nikasikia kitu kinagonga kikombe, nikatoa kwa kijiko nati mbili na skrubu.

"Kumbe ziko hapo!" dada akasema, akazinyakua zikiwa bado za moto na kuzipangusa kwenye gauni. Hakuniuliza kama nimeungua. Aliniuliza kama nina hakika sikumeza ya tatu.

Mimi ni fundi rangi, mdogo wake wa kumfuata, na nakaa chumba cha nyuma hapo kwake, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona kwa macho yangu na mengine nimeyakanyaga peku. Dada anafundisha fizikia katika shule ya sekondari ya wasichana. Hiyo ndiyo kazi inayomlisha. Kazi inayomla ni roboti.

Kwa asiyejua, mambo yenyewe ni hivi. Wanafunzi wanaunda kigari chenye mota, waya na vipande vya bati, wanakiendesha kwa rimoti. Kigari kinaingia kwenye uwanja wa mbao pamoja na kigari cha shule nyingine, halafu vinagombania vimipira vya plastiki. Ukisukumia kimpira kwenye kona yako unapata pointi. Ukikiinua na kukitia kwenye ndoo unapata pointi nyingi zaidi. Watu wazima wanasimama pembeni wanapiga kelele mpaka sauti zinakauka. Mimi nilicheka sana siku ya kwanza nilipoelezwa. Baadaye nilikuwa mmoja wa waliokaukiwa sauti.

Wanafunzi wake wanamwita Mwalimu Nati, na yeye analijibu jina hilo bila kukunja uso. Ni mwanamke mfupi, mwenye mwendo wa mtu anayekimbilia kuzima jiko. Hajui kuongea taratibu, wala hajui kukaa na jambo zuri peke yake. Tulipokuwa wadogo alijichorea ubao wa drafti kwenye kipande cha boksi, kete zikiwa vifuniko vya soda. Mtaani hakuna mtoto aliyeujua mchezo huo. Mwingine angeutupa ubao akaenda kuruka kamba. Yeye alinikamata mimi, nikiwa bado sijui hata kujifuta kamasi, akanifundisha mpaka nikaanza kumla kete. Nilipomfunga mara ya kwanza alifurahi kuliko mimi, akazunguka nyumba nzima akitangaza kwamba amefungwa. Mama alimwangalia tu, akasema huyu mtoto kuna mahali hajakaa sawa. Halafu wakaja watoto wa jirani, na wa jirani wa jirani, na kizingitini kwetu hapakupitika tena.

Basi ndivyo alivyoanzisha na hiyo timu ya roboti. Aliomba chumba kilichokuwa cha kuwekea madawati mabovu, akayatoa madawati, akaingiza wasichana. Nilimpakia rangi bure, maana kwa dada neno "fundi" linaanza kazi na neno "malipo" linaishia mlangoni.

Juu ya mlango wa chumba hicho niliandika kwa mkono wangu, kwa rangi nyekundu: MTU MZIMA, MIKONO MFUKONI. Hiyo ndiyo sheria yake kubwa. Ukiwa mtu mzima ukaingia humo, mikono yako inaingia mfukoni na inakaa humo mpaka utoke. Unaruhusiwa kuuliza, kusifu na kupiga chafya. Kugusa, hapana.

"Mtu mzima akishika bisibisi," aliniambia, "watoto wote wanageuka watazamaji. Nimeona kwa macho yangu. Anasema naonyesha kidogo tu, kidogo tu, mwisho kigari ni chake na watoto wamebaki kumshikia tochi."

Hakumwonea mtu haya. Mkuu wa shule, mama mnene mwenye heshima zake, aliingia siku moja na gauni lisilo na mfuko, dada akamwomba akumbatie mkoba wake kwa mikono miwili. Mzazi mmoja fundi magari alikaa humo akiangalia binti yake akikaza nati upande usio wenyewe, jasho likamtiririka, akatoka nje kwenda kupumua. Na dada mwenyewe hakujitoa kwenye sheria. Koti lake la kazi lina mifuko miwili mikubwa, na yote imetoboka chini kwa ngumi.

Sasa nije kwenye shida yenyewe, maana dada yangu hajawahi kukosa shida.

Timu yake ilikuwa ya wasichana watano. Kiongozi wao walimwita Kapteni, msichana mrefu, mpole, anayefikiri kabla ya kujibu mpaka unadhani hakusikia. Walianza wakiwa wageni shuleni, na sasa walikuwa kidato cha mwisho. Miaka yote hiyo walikuwa wakiunda, wakibomoa na kuunda tena. Kigari chao kilikuwa na mkono wa bati unaoinuka na kufumba vidole, kitu cha kupendeza kweli. Ila walikuwa hawajawahi kucheza mechi hata moja.

Si kwamba walishindwa. Hawakucheza. Mashindano ya upande wetu yalihitaji timu nne ndipo yafanyike, na kila mwaka zilipungua. Shule moja inajiandikisha, nyingine inajitoa. Mwalimu wa huku anahama, kompyuta za kule zinaibiwa. Kila mwaka mratibu wa mashindano, kijana mwenye sauti ya kuomba radhi hata anaposalimia, alimpigia dada simu na kusema samahani mwalimu, labda mwakani. Wasichana wakarudi kwenye chumba chao kucheza dhidi ya kiti. Mpinzani wao mkubwa maishani alikuwa kiti chenye mguu mmoja mfupi.

Na sasa hapakuwa na mwakani. Simu ilipokuja safari hii nilikuwepo mezani.

"Mwalimu, tuko timu tatu," mratibu akasema. "Wakubwa wamesema nne ndiyo chini kabisa. Ikishindikana na safari hii, kanda yetu wanaifunga."

Dada alikata simu, akashika tama. Nilimwambia avumilie, mwisho wa yote ni mchezo tu wa watoto. Jamani, nilitazamwa!

"Wale watoto wataondoka shuleni wakijua kuunda na hawajui kucheza," alisema. "Hawajui kama kitu chao ni kizuri au kibaya, maana hakijawahi kukutana na kingine. Wewe ungepaka rangi miaka yote usione nyumba?"

Kesho yake akajifunga kibwebwe, akaanza kutafuta timu ya nne.

Shule ya kwanza, mkuu wake alisikiliza kwa makini sana, kisha akauliza kama hiyo roboti inaweza kusafisha vyoo. Shule ya pili, mwalimu wa fizikia alimwambia aje baada ya mitihani. Dada akauliza mitihani ipi, akajibiwa yoyote ile. Shule ya tatu ilikuwa ya mchanganyiko, iko nyuma ya mtaa wa magereji, madirisha yake yametazamana na ukuta. Mkuu alifunua ratiba, akapitisha kidole, akasema mwalimu mwenye nafasi mchana ni mmoja tu, na huyo ni wa michezo.

Ndipo tulipompata Kocha. Mwanamume mkubwa wa mwili, filimbi shingoni kama sehemu ya ngozi yake, roho nyepesi kuliko pamba.

"Mwalimu, nikuambie ukweli," alimwambia dada. "Mimi umeme nauogopa. Hata balbu ikiungua namwita jirani."

"Kukaa na watoto unajua?"

"Hiyo ndiyo kazi yangu."

"Na kushindwa unakujua?"

Kocha akacheka mpaka filimbi ikaruka. "Mwalimu, timu yangu ya mpira haijashinda tangu nimefika."

"Basi unatufaa. Tunaanza Jumatatu."

Dada aliwapa fremu ya kigari cha zamani, magurudumu na mota mbili. Kapteni na wenzake wakawa wanavuka mtaa wa magereji kila mchana wakawafundishe wale wapya. Kocha aliipokea sheria ya mikono mfukoni kama mtu aliyepokea dini. Kwa kuwa alikuwa anaogopa umeme, ilimkaa vizuri. Alivaa bukta yenye mifuko mirefu, akazamisha mikono, akawa anaendesha mazoezi kwa filimbi. Wanafunzi wake walikimbia kuzunguka uwanja kwanza kabla ya kugusa rimoti. Alipanga chupa tupu sakafuni, wakapitisha kigari katikati kama wanakokota mpira, nenda, rudi, tena, tena. Hawakuwa na mkono wa bati. Walikuwa na ubao mpana wa plaiwudi mbele, wa kusukumia. Kigari wakakiita Winga.

"Hawajui waya unaingia wapi," Kapteni alimwambia dada siku moja, "lakini mwalimu, wanaendesha!"

Dada akatabasamu hadi masikioni. Nilimkumbusha kwamba hao watakuwa wapinzani wake. Akaniambia ndiyo maana anatabasamu.

Siku ikafika, Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi wa mikutano wenye mapazia ya kijani na viti vya plastiki. Nilikuwepo tangu mapema, maana mistari ya uwanja niliipaka mimi, na maboksi ya dada nilibeba mimi, na kama kungekuwa na punda angepewa likizo. Timu nne, meza nne. Utaratibu ulikuwa kwamba kila kigari kitembee mbele ya mratibu kwanza, ndipo timu ihesabike. Na sheria ya ukumbi ilikuwa ileile ya dada: mtu mzima hagusi roboti.

Vijana wa Kocha walikiweka Winga juu ya meza yao. Mmoja akadondosha waya, wakainama wote chini ya meza kuutafuta. Mwenzao mwingine, katika pilika hizo, akabwaga mkoba wake juu ya rimoti. Winga akaanza kutembea.

Alikwenda polepole, bila wasiwasi, akielekea ukingoni mwa meza. Kocha alikuwa amesimama palepale, karibu kiasi kwamba angemzuia hata kwa tumbo. Mikono mfukoni.

"Kocha, mshike!" nilipiga kelele. Mimi nilikuwa nimekumbatia boksi.

Kocha akanitazama. Akamtazama Winga. Akamtafuta dada kwa macho, ng'ambo ya ukumbi. Jasho likamtoka, mikono ikazama zaidi mfukoni mpaka bukta ikashuka. Halafu akafanya jambo pekee aliloona ni halali. Akaizoa filimbi kwa mdomo, akaipuliza kwa nguvu zake zote.

Ukumbi mzima ukasimama. Winga peke yake hakusimama. Akafika ukingoni, akainamisha ubao wake, akaanguka chini kwa kishindo.

Dada alifika akikimbia. "Kwa nini hukumshika?"

"Mwalimu, ulisema mikono mfukoni!" Kocha alikuwa karibu kulia. "Ulisema hata kikiwaka moto!"

"Nilisema wakati wa kuunda! Sikusema wakati wa kufa!"

"Hukufafanua!"

Hata mratibu alisema, kwa sauti yake ya kuomba radhi, kwamba kumzuia asianguke kungeruhusiwa, yeye mwenyewe angemzuia. Kocha akaketi chini sakafuni, ukubwa wote ule. Kwa kweli nilitaka kucheka na nilimwonea huruma, vyote pamoja.

Vijana wakamwinua Winga. Ubao ulikuwa mzima, magurudumu mazima, lakini mota moja ilikuwa imepasuka ganda na shina lake, kile chuma kinachozungusha gurudumu, limepinda. Walipokiwasha, kilizunguka palepale kama kuku aliyechinjwa. Mratibu akatazama kile kigari, akatazama saa yake.

"Kisichotembea hakihesabiki, mwalimu," alisema. "Na tukibaki tatu..." Hakumalizia.

Mota za akiba zilikuwa zimeungua kwenye mazoezi. Timu mbili nyingine zilikuwa na mota za aina tofauti, hazikuingia kwenye fremu. Kocha akanyanyuka, akamsogelea dada, akanong'ona kwa sauti ambayo hata wa nje waliisikia.

"Mwalimu, wewe ni mtaalamu. Tia mkono kidogo tu, ulinyooshe hilo shina. Nani ataona?"

Mimi nikasema naweza kusimama mbele na boksi langu. Nilisema kwa nia njema kabisa. Dada alinitazama nikatamani kuingia ndani ya boksi lenyewe.

"Nikikitengeneza mimi," alisema, "basi hapa kuna timu tatu na kigari changu."

Wasichana wake walikuwa wameshasogea. Wote walijua jambo ambalo hakuna aliyelitamka. Kigari chao kilikuwa na mota tatu za aina ileile: mbili za magurudumu, moja ya ule mkono wa bati. Kapteni alifikiri kwanza, kama kawaida yake, kidole juu ya ule mkono.

"Mwalimu," akasema mwisho, "tukiitoa ya mkono, mkono umekufa."

"Ndiyo."

"Na tusipoitoa hatuchezi."

"Ndiyo."

"Tukicheza bila mkono tutafungwa."

"Sijui. Yawezekana."

"Ungekuwa wewe, ungefanya nini?"

Namjua dada yangu. Najua jibu lilikuwa limeshafika kwenye meno, na niliona taya zake zinavyofanya kazi ya kulizuia. Kila kitu alichokitaka kwa miaka yote kilikuwa kinasubiri neno lake moja.

"Mimi sichezi," alisema. "Kigari ni chenu."

Wakaenda kwenye kona ya ukumbi, wakakutanisha vichwa. Aliyeuunda ule mkono alikuwa mdogo wao kwa umbo, mwenye miwani, aliyekata kila kidole cha bati kwa mkasi wa kushonea wa mama yake. Alikuwa amekikumbatia kigari kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa, na machozi yalikuwa yakidondoka kwenye betri. Mimi nilishajisemea hapa mambo yameisha, huyu hatakubali. Kapteni alinyoosha bisibisi kwenda kwenye ule mkono. Yule mwenye miwani akampokonya.

"Niachie," alisema, akivuta kamasi. "Nimeifunga mimi, nitaifungua mimi."

Akaifungua. Akaipeleka mwenyewe kwenye meza ya Winga, akawaonyesha vijana waya upi uingie wapi, akawakemea walipokosea. Wenzake wakabandua kifuniko cha boksi langu, wakakikunja na kukifunga mbele ya kigari chao mahali ulipokuwa mkono, angalau kisukume kitu. Kocha hakusogea wala kupumua. Mratibu akaja, Winga akatembea mbele, nyuma, kushoto, kulia, na mratibu akaandika nne. Nilimwona akiipitia tena kwa kalamu kuhakikisha.

Mechi ya kwanza, kwa kura, ikawa wasichana wa dada dhidi ya Winga.

Siwezi kudanganya, hatukuonekana. Boksi si plaiwudi. Wale vijana wa Kocha waliendesha kana kwamba walizaliwa na rimoti mkononi. Winga alipita pembeni, akakata ndani, akarudi, akasomba vimipira vitatu vitatu huku kigari chetu kikiwa bado kinageuka. Kifuniko cha boksi kikapinda, kikasukuma hewa. Mwenye miwani alikuwa akipiga kelele, "Kushoto! Kushoto kwako! Hapana, kushoto kwangu!" Kapteni, yule wa kufikiri kwanza, alikuwa akirukaruka na rimoti kama ameshika kaa la moto. Mimi nilisimama juu ya kiti mpaka nikaambiwa nishuke. Dada hakupiga kelele hata kidogo. Aliegemea ukuta, midomo imekauka, hajui aangalie kigari au aangalie nyuso zao.

Kengele ikalia. Pointi zikasomwa. Mimi nikawa natafuta kichwani maneno ya kuwafariji, kama tunavyofanya watu wazima.

Wasichana wote watano walitoka uwanjani mbio, Kapteni mbele, wakapita katikati ya viti, wakaangusha viwili, wakamvamia dada pale ukutani.

"Mwalimu, tumefungwa!" Kapteni alipiga kelele, uso wote meno. "Tumefungwa kumi na nane kwa sita!"

"Lakini sita ni zetu, mwalimu!" yule mwenye miwani akadakia, akimvuta koti. "Sita zile ni zetu!"

Dada yangu alilia mbele ya ukumbi mzima, yeye ambaye hata tulipomzika baba alilia chumbani amefunga mlango. Alilia na kucheka, akawauliza ile ya kwanza iliingiaje, wakamwelezea wote kwa pamoja bila mtu kusikia kitu. Kisha mratibu akatangaza mechi inayofuata, na wasichana wakakimbia kurudi mezani kwao kukaza skrubu, maana walikuwa bado na mechi mbili za kufungwa.